Niliandika "The captain has been paid" bila alama ya kuuliza, sasa nadaiwa mimi

#1 BintiMkomani

Masalkheri wana uzi. Naombeni msaada wa Kiingereza, na kama kuna mwalimu humu ndani asinichape.

Nafanya kazi katika nyumba ya wageni hapa Lamu mjini, mitaa ya Mkomani. Najibu meseji za wageni, nawapokea, napanga mashua ya kuwavusha kutoka uwanja wa ndege wa Manda. Juzi walitua Mwingereza na mkewe, nahodha akawaleta salama. Mimi niko jikoni, mkono mmoja kwenye unga wa mkate wa kumimina, mwingine kwenye simu. Nikataka kujua kama nahodha ameshapewa chake, shilingi 1,500. Kichwani nilikuwa nauliza: Nahodha amelipwa? Kidole kikaandika: "The captain has been paid". Nikatuma.

Mgeni akajibu: "Oh, thank you! How kind!" Na kidole gumba juu.

Nikashangaa shukrani za nini, ila unga ulikuwa unaumuka nikaacha. Magharibi nahodha yuko mlangoni anadai, wageni wameshakwenda Shela. 1,500 ikatoka kwenye simu yangu. Meneja ananiambia kosa ni langu, nimeacha "question mark".

Sasa naomba kujua. Hii alama kwa Kiingereza ina sheria gani hasa? Na jina lake ni lipi? Kitabu cha sarufi alichoacha babu kinaiita "note of interrogation". Nilipokuwa mdogo nilidhani ni karatasi ya polisi.

#2 kobe_mpole

Nafuatilia. Nimeshavuta mkeka.

#3 NahodhaMstaafu

Yeo nimecheka mpaka mke wangu ametoka ukumbini kutazama. Binti yangu, nahodha hana habari na alama. Nahodha ana habari na petroli.

#4 MwalimuChaki

BintiMkomani, sikuchapi, chaki niliiweka chini zamani. Ila meneja wako amekosea kidogo, na wewe umekosea zaidi ya anavyodhani yeye.

Kosa lako halikuwa alama. Lilikuwa mpangilio. Tazama Kiswahili: "Nahodha amelipwa." "Nahodha amelipwa?" Maneno ni yale yale, mfuatano ule ule. Kinachobadilika ni kiimbo tu, sauti inapanda mwishoni. Ukiandika, sauti haiko, kwa hiyo ile alama inabeba mzigo wote peke yake. Ukiidondosha, swali limekufa.

Kiingereza hakifanyi hivyo. Kinahamisha neno: "Has the captain been paid?" Ile "has" ikishatangulia, msomaji ameshajua anaulizwa kabla hajafika nusu ya sentensi. Ungesahau alama hapo, mgeni angekuelewa tu. Alama kwao mara nyingi ni muhuri juu ya barua iliyokwisha kusainiwa.

Na hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza. Ungechukua sentensi yako ukaitia alama bila kuhamisha neno, "The captain has been paid?", Mwingereza angeielewa kuwa ni swali, lakini angesikia mshangao ndani yake. Kama sisi tunavyosema: "Ati nahodha ameshalipwa?" Angedhani unamshuku mtu. Wanalitumia umbo hilo pale wanapotaka kuthibitisha kitu walichokisikia au wasichokiamini.

Kuhusu jina, kitabu cha babu kiko sawa. "Note" hapo ni alama tu, polisi hawamo. Waingereza wa zamani waliita "note of interrogation", na vitabu vya Marekani vya karne ya 19 vinapenda "interrogation point". "Interrogation mark" nayo ipo. "Question mark" ndilo lililoshinda na ndilo linalotumika leo pande zote. Wachapaji na wahariri wana lao, "query". Na kuna neno la wale wanaotaka kuonekana, "eroteme", kutoka Kigiriki. Nimefundisha Kiingereza miaka 27 na sijawahi kumsikia mtu akilitamka kwa mdomo.

#5 BintiMkomani

Mwalimu, ahsante sana. Kumbe hata ningeitia ningeonekana namshuku! Sasa mbona kuna mwongozo mtandaoni unasema "Could you please send me your flight number" iwekwe nukta, si alama ya kuuliza? Neno si limehamishwa?

#6 MwalimuChaki

Limehamishwa, lakini hilo si swali, ni ombi lililovaa kanzu ya swali. Humuulizi kama anao uwezo wa kutuma, unamwambia atume, kwa adabu. Waandishi wengi wa barua za ofisini huweka nukta hapo na hakuna atakayekusahihisha. Kwa mgeni mimi ningeacha alama ya kuuliza. Nukta ina ukali kidogo, kama mama mkwe anayesema "Hebu kaa."

Kinyume chake ni swali lililomezwa ndani ya taarifa. "He asked whether the captain had been paid." Nukta. Anayesema anatoa habari za swali, hajauliza. Hili lilikuwa linawaangusha wanafunzi wangu kila mtihani, wakiona "asked" tu kalamu inakimbilia kiulizi. "I wonder if the boat is late" nayo hupewa nukta.

#7 MkorofiWaLangoni

Yaani mtu wa Lamu analia kwa sababu ya kigingi kimoja cha Kiingereza. Mwandikie mgeni Kiswahili, atumie programu ya kutafsiri. Nchi hii bado tunatawaliwa.

#8 kobe_mpole

Mkorofi, programu ya kutafsiri ukiipa "Nahodha amelipwa" bila alama itatoa nini?

#9 MkorofiWaLangoni

…

Nimejaribu. Sitaki kusema.

#10 RagazzoWaMalindi

Salamu kutoka Malindi. Mimi napeleka watalii, wengi Waitaliano, na mada hii nimeipenda kwa sababu moja. Watu huuliza kwa nini vijana wa Malindi walishika Kiitaliano upesi kuliko Kiingereza cha shule. Sababu ziko nyingi, na pesa ni ya kwanza, lakini maswali ya Kiitaliano ni kama yetu. "Hai pagato il capitano", umemlipa nahodha. "Hai pagato il capitano?", umemlipa nahodha? Hakuna neno linalohama. Unapandisha sauti, basi. Alama wanaiita "punto interrogativo".

Nikirudi kwa Mwingereza naanza kuhesabu: "do" niweke wapi, "did" inakwenda na nani. Mara nyingi naishia kusema "You like fish?" na wananielewa, ila naona wanatabasamu.

Kuna mtego mwingine nao BintiMkomani utakufika tu. Mgeni ukimuuliza "Haven't you paid?" akisema "No", maana yake hajalipa. Sisi ukituuliza "Hujalipa?" tunajibu "Ndiyo", yaani ndiyo, sijalipa. Niliwahi kumwacha mzee mmoja gatini saa nzima kwa ajili ya "yes" yangu moja.

#11 UstadhHati

Assalaam aleikum. Nimesoma yote. Mwalimu amesema kweli kuhusu kiimbo, nami niongeze upande wa hati yetu ya zamani.

Fungueni msahafu, hamtaona alama ya kuuliza hata moja, na maswali ndani yake ni mengi. Kiarabu kinauliza kwa neno mwanzoni, "hal" au herufi ya hamza, kazi ile ile inayofanywa na "je" yetu. Msomaji anaonywa mapema. Hii ؟ iliyogeuka kutazama kulia imeenea katika Kiarabu cha uchapaji wa kisasa, na imegeuka hivyo kwa sababu mwandishi anatoka kulia kwenda kushoto.

Tenzi za huku kwetu zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu nazo hazikuwa na kiulizi. Mshairi anauuliza moyo wake maswali beti nzima na karatasi iko kimya. Aliyekuwa akisoma mbele za watu ndiye aliyetia sauti. Mimi nilipoanza kuzinakili kwa herufi za Kirumi ndipo nilipopata taabu. Kuna mshororo nimekaa nao wiki mbili sijui ni swali au ni masikitiko. Nikiweka ? nimemwamulia marehemu.

Kwa hiyo Bi Mkomani, ushauri wangu mdogo: hata kwa Kiswahili anza na "Je". Je, nahodha amelipwa? Hapo kidole kikisahau alama, "je" imekulinda.

#12 BintiMkomani

Ustadh, aleika salaam. Hiyo ya "Je" nimeibandika ukutani jikoni.

#13 msoma_vumbi

Alichosema Ustadh kinanirudisha kwenye asili ya alama yenyewe, na ni kitu ambacho hata Waingereza wengi wamekisahau.

Alama hii haikuzaliwa kwa ajili ya sarufi. Ilizaliwa kwa ajili ya sauti. Karne ya 8, katika makao ya mfalme Charlemagne, palikuwa na msomi kutoka York aliyeitwa Alcuin. Zama zake huko ndipo inapotokea katika maandishi ya Kilatini alama ya nukta yenye kimstari cha mawimbi juu yake, kinapanda kuelekea kulia, kama mwale wa radi. Iliitwa "punctus interrogativus". Vitabu vilisomwa kwa sauti, vingine vilighanwa kanisani, na alama ilimwambia msomaji: hapa pandisha. Yaani ilikuwa ni alama ya kiimbo! Kazi ambayo Kiswahili bado kinaipa leo ndiyo kazi yake ya kwanza, na Kiingereza ndicho kilichoipunguzia kazi.

Mtasikia hadithi kuwa ilitokana na neno la Kilatini "quaestio", likafupishwa q juu ya o, kisha q ikawa ndoano na o ikawa nukta. Ni tamu, ila hati za kale za kuithibitisha hazijaonekana. Kuna hata alama kongwe zaidi ya hiyo. Hati za Kisiria, lugha ya kale ya Wakristo wa Mashariki ya Kati, zina nukta mbili zilizosimama juu ya neno kuonyesha swali, na mwaka 2011 mtafiti wa Cambridge, Chip Coakley, alieleza kuwa huenda ndiyo alama ya kuuliza ya kwanza inayojulikana.

Halafu kuna huyu nimpendaye mimi. Miaka ya 1580, mchapaji wa London, Henry Denham, alianza kutumia kiulizi kilichogeuzwa kwa maswali yasiyotaka jibu. Wewe unasema "Nani asiyejua hayo", huhitaji mtu ajibu, kwa hiyo alama inageuka. Haikufika mbali, karne ya 17 ikafa.

#14 UstadhHati

Kiulizi kilichogeuzwa? Basi Denham aliandika kama sisi bila kujua. Ustadh Denham.

#15 kobe_mpole

😂😂 Ustadh Denham wa Langoni

#16 MpigaChapaMalindi

Mwalimu ametaja "query" ya wachapaji. Nina kidonda changu hapo, ngoja nikitoe.

Kwenye kazi yetu, mtu akisoma nakala ya kwanza na kukuta jambo lenye shaka, anaweka ? pembeni. Maana yake: hakikisha hili. Haikusudiwi kuchapwa. Ni kama vitabu vya historia vinavyoweka alama hiyo baada ya mwaka ambao hauna uhakika, mtu alizaliwa 1340? basi ujue ni makisio.

Alikuja bwana mmoja na kadi ya harusi. Karatasi ameiandika kwa mkono, jina la bwana harusi, la bibi harusi, mahali, na chini: saa kumi alasiri? Yeye alikuwa hajakubaliana na wakwe juu ya saa, akajiwekea alama amuulize mkewe. Kijana wangu akapiga vile vile. Kadi 200, dhahabu juu ya karatasi ya maziwa, "Mnakaribishwa saa kumi alasiri?"

Simu zilianza siku ya pili. Watu hawaulizi saa. Wanauliza: harusi ipo kweli? Shangazi mmoja wa bibi harusi alikuja dukani na kadi ameishika kwa vidole viwili kama samaki aliyeoza, akanionyesha ile alama kwa kucha yenye hina, hakusema neno. Nilizichapa upya kwa gharama yangu.

#17 BintiMkomani

Mpiga Chapa, pole sana! Nimefarijika lakini, 1,500 yangu naiona ndogo sasa.

#18 kijana_wa_kodi

Mimi niko upande wa kompyuta. Kwetu alama hii haina hata uhusiano na sauti. Kwenye anwani ya tovuti, kinachofuata baada ya ? ni maelezo ya ziada unayompa mtambo. Mkinakili kiungo mkaona baada yake kuna utitiri wa herufi, mara nyingi huo ni mkia wa kuwafuatilia, mnaweza kuukata na ukurasa ukafunguka. Si kila mahali, kwenye YouTube ukikata umekata video yenyewe. Ukitafuta faili, ? husimama badala ya herufi moja yoyote.

Kituko: Wagiriki kwao alama ya kuuliza ina umbo la nukta mkato, hii ; hapa. Kwenye kompyuta ina namba yake tofauti ila machoni ni pacha. Kuna wenye roho mbaya humtilia mwenzao ya Kigiriki mahali pa nukta mkato kwenye programu, akatafute kosa mpaka alfajiri.

Na kwenye sataranji, ? baada ya mwendo ni kosa, ?? ni kosa la kujuta. !? ni mwendo wa kuvutia, ?! ni wa mashaka.

#19 MkorofiWaLangoni

Hizo mbili kwa pamoja ndiyo lugha ya mama yangu kwenye WhatsApp. Uko wapi?!

#20 msoma_vumbi

Mama yako ana wenzake Marekani. Mwaka 1962 bwana Martin Speckter, mtu wa matangazo ya biashara, alipendekeza ziunganishwe ziwe alama moja, ‽, akaiita "interrobang". Mwaka 1968 kampuni ya Remington ikaitolea kitufe kwenye mashine zake za kupiga chapa. Haikushika. Wahispania walifanikiwa zaidi: tangu 1754 chuo chao cha lugha kiliagiza swali lifunguliwe kwa alama iliyopinduliwa, ¿, lifungwe na ya kawaida. Hao walilitatua tatizo la BintiMkomani mapema, kwa sababu Kihispania nacho kinaweza kuuliza bila kuhamisha neno.

#21 BintiMkomani

Hii ya Wahispania ndiyo "je" yenyewe! Wametia je ya kuchora.

Nina swali jingine, la adabu. Meneja wangu nikichelewa kujibu hunitumia ? peke yake. Hakuna neno. Ikitokea hiyo tumbo linanikata. Je, kwa Kiingereza ni kawaida?

#22 NahodhaMstaafu

Miaka yangu melini nilijifunza Mosi (Morse), ile simu ya nukta na mistari. Alama hiyo ni nukta mbili, mistari miwili, nukta mbili. Ukiipiga peke yake baada ya kupokea ujumbe maana yake sikuelewa, rudia. Haikuwa na matusi. Ila meneja wako hayuko melini.

#23 MwalimuChaki

Kwa Kiingereza vile vile, inategemea nani kamtumia nani. Rafiki kwa rafiki, ? ni "vipi?" Mkubwa kwa mdogo, ni kidole kinachogonga meza. Zikiwa tatu, ???, ni kiganja kizima. Katika maandishi rasmi moja inatosha siku zote, na baada yake usiweke nukta, nukta imeshakaa ndani yake. Wala usiache nafasi kabla yake. Wafaransa ndio huacha nafasi, ukiona mgeni anaandika "Breakfast ?" huenda ni Mfaransa au amesoma kwao.

La mwisho, kwa kuwa unanukuu wageni kwa meneja. Mgeni akiuliza, alama inakaa ndani ya funguo za usemi: He asked, "Where is the boat?" Ukiuliza wewe juu ya alichosema, inakaa nje: Did he say "I have paid"? Na hilo la kwanza ukilisema kwa mdomo, usipandishe sauti mwishoni. Maswali ya "where" na "who" Waingereza kwa kawaida huyashusha. Sisi tunapandisha yote kwa kuwa tumeona ?, kumbe alama na sauti kwao ziliachana.

#24 kobe_mpole

Uzi huu uwekwe juu. Binti, mgeni alirudisha 1,500 au ndiyo sadaka?

#25 BintiMkomani

Mrejesho. Jana walipotoka Shela nilimweleza mgeni yote kwa mdomo. Alicheka mpaka akaketi barazani, akasema angetaka kumlipa nahodha mwenyewe, na kumwongezea. Nikampa namba ya M-Pesa ya nahodha, na mimi yangu nitarudishiwa na nahodha mkononi, ndivyo tulivyokubaliana.

Asubuhi hii nahodha ameniandikia. Naibandika kama ilivyo:

"Pesa zimeingia"

Basi. Hakuna nukta, hakuna alama, hakuna je. Sijui ananiambia au ananiuliza. Nampigia.